Taarifa ya Tathmini ya Mtoto: Namna ya Kuiandika Ikafahamika

Kwa watathmini, walimu na wazazi wa Kitui na Makueni

Dibaji

Tangu mwaka wa 1984, vilipoasisiwa nchini Kenya vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu kwa msaada wa Serikali ya Denmark, na tangu 1986, ilipoanzishwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, imekuwako njia ya mtoto aliyekawia kusema, au asiyesoma kama wenzake, kupelekwa akaangaliwe na mwenye ujuzi. Walakini faida ya safari hiyo, pamoja na nauli na siku ya kazi iliyopotea, hutegemea karatasi chache anazorudi nazo mzazi; na karatasi hizo, ikiwa hakuna azifahamuye nyumbani wala shuleni, huishia katika faili la mwalimu mkuu. Kwa hiyo taarifa sharti iandikwe kwa ajili ya watu watakaokaa na mtoto kesho yake.

1. Tanguliza suala lililomleta mtoto

Mwalimu wa Gredi ya 3 aliyeuliza kwa nini mtoto hamalizi kazi yake ya darasani apate jawabu la suala hilo katika ukurasa wa kwanza, ndipo yafuate majina ya vipimo na tafsili zake. Kadhalika, eleza kitendo kilichoonekana, usitoe hukumu tupu.

Usiandike: “Ana upungufu wa kumbukumbu ya utendaji.”

Andika: “Akipewa maagizo matatu kwa mpigo, hutenda la kwanza na kuyasahau mawili, akipewa moja moja, huyatenda yote.”

2. Nambari na mahali pake

Vipimo vingi vya akili vimewekewa wastani wa 100, na takriban thuluthi mbili ya watoto huangukia baina ya 85 na 115. Mtoto aliyepata 82 huwa aghalabu katika nafasi ya 12 kwa 100, nayo maana yake ni kwamba, katika watoto 100 wa umri wake, takriban 12 wamepata kama yeye au chini yake. Lakini mzazi asiyeelezwa hudhani kuwa mwanawe amepata alama 12 katika mtihani wa alama 100, akarudi nyumbani amevunjika moyo bila ya sababu.

Tena nambari si ajali iliyoandikwa mtoto tangu kuzaliwa. Katika Embu, jirani ya Kitui, watafiti waliwapima watoto kwa kipimo cha maumbo mwaka wa 1984, wakawapima wengine wa rika lilo hilo mwaka wa 1998, wakakuta alama zimepanda sana katika muda huo wa miaka 14. Nao, katika kutafuta sababu, wakataja elimu ya wazazi, lishe na afya. Basi mtathmini na aseme bayana kwamba alama ni makadirio ya siku ile, na aeleze kipimo kilisawazishwa kwa watoto wa nchi gani.

3. Lugha, njaa na masafa

Mtoto wa Mutomo ambaye nyumbani hunena Kikamba peke yake, akiulizwa kwa Kiingereza maana ya maneno, huenda akanyamaza kwa kutolijua neno, hali jambo lenyewe analijua. Taarifa itaje lugha iliyotumika, nani aliyefasiri, na mtoto alijibu kwa lugha gani. Itaje pia kama macho na masikio yake yalipimwa kwanza, na, hasa katika miezi ya kiangazi, kama alikuwa amekula na masafa aliyotembea kabla ya kuketishwa mbele ya mtathmini.

4. Mapendekezo yatendekayo

Kuandika “mtoto asaidiwe” si pendekezo. Kila pendekezo liwe na mtendaji, kitendo na muda: “Mwalimu wa darasa amketishe safu ya mbele, ampe agizo moja kwa wakati, na baada ya wiki 6 aandike kama anamaliza kazi.” Katika darasa la wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, mapendekezo matatu yawezekanayo ni bora kuliko kumi na matano ambayo hapana wa kuyatimiza.

5. Amana ya mtoto

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi katika kutumia habari za mtoto. Kwa hiyo taarifa haisomwi hadharani katika mkutano wa wazazi, wala haipitishwi katika simu za walimu. Mzazi apewe nakala yake, na asiyejua kusoma asomewe faraghani, kwa Kikamba ikiwa ndiyo lugha aifahamuyo.

Kabla ya kuagana, mtathmini amwombe mzazi aeleze kwa maneno yake mwenyewe mambo matatu: mtoto anaweza nini, nini kinamtatiza, na nani atafanya nini juma lijalo. Mzazi asipoweza kuyajibu, ana haki ya kuuliza tena, na mwandishi ana wajibu wa kuiandika taarifa upya.