Viota vya Nyigu Nyumbani na Shambani: Kipi Kiachwe, Kipi Kiondolewe

Katika boma nyingi za Kitale na Bungoma, kiota cha nyigu huonekana siku mtoto anapoumwa. Kinaweza kuwa kimening'inia chini ya paa la mabati, mlangoni mwa choo, kwenye ghala la mahindi au ndani ya ua wa michongoma. Kwa hasira, mtu huwasha tambara lenye mafuta ya taa na kulielekeza juu. Hapo hatari ya kuumwa huongezewa hatari ya kuteketeza nyumba. Somo hili linaeleza njia iliyo salama zaidi.

Kumtambua mdudu kwanza

Wadudu watatu huchanganywa mara kwa mara.

1. Nyigu wa karatasi. Ana kiuno chembamba na miguu mirefu inayoning'inia anaporuka. Hutafuna nyuzi za mbao, huzichanganya na mate na kujenga kiota cha kijivu chenye vyumba vilivyo wazi. Kiota hushikiliwa na kikonyo kimoja. Nyigu huyu huishi kwa kundi na hulinda kiota chake.

2. Nyigu wa udongo. Hujenga vijumba vya matope ukutani au kwenye dari. Jike hufanya kazi peke yake, huwajazia watoto wake buibui au viwavi kama chakula, kisha huziba kijumba. Ni nadra kumuuma mtu, labda ashikwe au abanwe.

3. Nyuki. Mwili wake una manyoya, na masega yake ni ya nta. Hupenda kuingia kwenye mashimo ya miti, dari na kuta. Nyuki wakichokozwa huweza kushambulia kwa mamia, kwa hiyo mwenye nyumba asijaribu kuwaondoa mwenyewe. Aitwe mfugaji wa nyuki mwenye mavazi ya kujikinga na vifaa vya kazi.

Nyigu ana faida gani?

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliharibu mahindi katika kaunti nyingi za Kenya, zikiwemo Trans Nzoia na Bungoma. Nyigu wa karatasi huwinda viwavi, huwatafuna na kuwapelekea watoto wake kiotani. Wapo pia nyigu wadogo sana wasioelekea kuuma watu, ambao hutaga mayai ndani ya viwavi. Mwaka 1993 watafiti wa kituo cha icipe waliachilia nyigu wa aina hiyo katika Pwani ya Kenya ili kupunguza viwavi vinavyotoboa mabua ya mahindi.

Kwa hiyo kiota kilicho mbali na watu, kwa mfano kwenye mti ulio pembeni mwa shamba, ni heri kiachwe. Alama iwekwe hapo ili wanaopalilia au kukata miwa wasikiguse bila kujua. Vijumba vya udongo vilivyo juu ukutani navyo viachwe, au vikwanguliwe vikishakuwa vitupu.

Kiota kiondolewe kikiwa karibu na mlango, jikoni, chooni, mahali pa kuchotea maji au pale watoto wanapochezea. Kiondolewe pia ikiwa nyumbani kuna mtu mwenye mzio wa sumu ya wadudu hao.

Kuondoa kiota kidogo

Njia hii ni ya kiota kidogo cha nyigu wa karatasi kinachofikiwa na mtu aliyesimama chini. Kiota kikubwa, kilicho juu sana au kilicho karibu na nyaya za umeme kiachiwe mtu mwenye ujuzi. Mwenye mzio asiikaribie kazi hii kabisa.

• Kazi ifanywe baada ya giza kuingia, nyigu wakiwa wamerudi kiotani na baridi imewapunguzia nguvu.
• Watoto na mifugo waondolewe, na njia ya kukimbilia iwe wazi.
• Mtu avae suruali nene, shati la mikono mirefu, buti, glavu na kitu cha kufunika uso na shingo. Asipande ngazi.
• Bomba la kunyunyizia lililo safi lijazwe maji yenye sabuni nyingi. Kiota kiloweshwe vizuri kutoka mbali kadiri bomba linavyofika. Maji hayo huziba matundu ya kupumulia ya nyigu.
• Asubuhi, nyigu wote wakiwa wamekufa, kiota kiangushwe kwa mti mrefu na kifukiwe.

Moto, petroli na mafuta ya taa visitumike. Dawa ya shambani isipulizwe ndani ya nyumba. Anayenunua dawa ahakikishe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, na afuate maelezo ya kibandiko.

Mtu akiumwa

Aondoke haraka mahali hapo. Nyuki huacha mwiba kwenye ngozi, nao ukwanguliwe mara moja. Nyigu kwa kawaida hauachi, na anaweza kuuma tena na tena. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, kisha likandwe kwa kitambaa chenye maji baridi. Pete na bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba.

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja iwapo anapumua kwa shida, amevimba midomo, ulimi au uso, ametokwa na vipele mwili mzima, anatapika, ana kizunguzungu au amezimia. Hali hii inaweza kuua kwa muda mfupi. Aliyeumwa mdomoni au kooni, na aliyeumwa mara nyingi, aende pia hata akijihisi nafuu, kwa kuwa sumu nyingi huweza kudhuru figo. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Kuzuia ni rahisi zaidi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiota huanza na nyigu mmoja au wachache, kikiwa na vyumba vichache tu. Kila wiki mwenye nyumba akague upenu, choo, ghala, sanduku la mita na ua. Mianya ya dari izibwe, mapipa ya taka yafunikwe, na matunda yaliyooza chini ya miembe na miparachichi yaokotwe. Watoto nao wafundishwe wasirushie kiota mawe, bali wamwite mtu mzima.

Mkazi asiyejua ni mdudu gani aliyejenga kwake amuulize afisa wa ugani wa kilimo wa wadi yake kabla ya kugusa kiota.