Mali imeibwa, mshahara wako una kosa gani?

 Leo nazungumza na nyinyi wadogo zangu wa madukani, mnaosimama kaunta kutwa nzima, mnaokunja upya magauni yaliyokunjuliwa na wateja wasionunua, mnaofunga duka usiku na kukimbilia daladala za mwisho.

Siku hizi ujumbe mnaonitumia umekuwa wa aina moja mno. Wezi wameongezeka dukani, mwisho wa mwezi mali imehesabiwa, imepungua, na bosi ameigawa shoti, yaani upungufu huo, kwa idadi ya wafanyakazi. Kila mmoja kakatwa, hata aliyekuwa likizo ya uzazi. Muuza nguo kalipia magauni ambayo hakuyaona yakitoka. Keshia kalipia pesa za simu ambazo hazikuwahi kuingia. Wa supamaketi wamelipia makopo ya maziwa ya watoto, kwa sababu hayo ndiyo yanayobebwa sana: madogo, ghali, na yana soko mtaani. Kisha mnaniuliza, "Dada, nifanyeje wezi wasinipate tena?"

Nitafika huko. Kwanza na mimi niwaulize: deni hilo limekuwaje lenu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imelisema jambo hili waziwazi katika kifungu cha 28. Mwajiri hakukati mshahara kufidia hasara mpaka mambo haya yatimie yote kwa pamoja. Hasara iwe imetokea kazini na imesababishwa na kosa lako wewe. Akuandikie chanzo cha hasara, kiasi chake na hesabu alivyoipiga. Akupe nafasi ya kupinga. Asidai zaidi ya hasara halisi. Na wewe uwe umekubali kwa maandishi. Hata yakitimia yote hayo, makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Anayelipwa shilingi 240,000 hakatwi zaidi ya 60,000 kwa mwezi, hata kama kilichopotea ni televisheni.

Tukae kidogo hapo kwenye kosa lako. Mtu ameingia, amechukua pafyumu mbili akaziingiza ndani ya nguo wakati wewe unamtafutia mteja mwingine saizi yake. Umekosa nini? Ulikuwa kazini, ukifanya kazi uliyoajiriwa kuifanya. Duka lina vyumba viwili na msichana mmoja. Aliyeamua msichana awe mmoja si wewe. Ni tofauti kabisa kama uliacha mlango wazi ukaenda zako saluni, au ulimkopesha shoga yako mali bila ruhusa. Hapo una la kujibu, na mimi sitakutetea. Lakini bosi anayegawa shoti kwa vichwa ameshasema kwa mdomo wake kwamba hajui nani amekosea. Na kama hajui, basi sharti la kwanza la sheria limeshamshinda.

Ndiyo maana nawasihi sana kuhusu ile karatasi ya kukubali makato. Mnaijua. Inatolewa usiku wa kuhesabu mali, saa nne, watu wamechoka, njaa inauma, mnaambiwa "saini hapa tumalize, kila mtu aende kwake." Msisaini usiku huo. Sema kwa upole, "Bosi, naomba niende nayo nikaisome, nitakujibu kesho." Hukumvunjia heshima mtu. Sheria imekupa nafasi ya kupinga, na saini ya usiku ule ndiyo inayoiua.

Wa Zanzibar, nyinyi mna sheria yenu ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo msiibebe robo hii ya Bara kama ilivyo. Ulizeni Kamisheni ya Kazi. Wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu makato ya kiasi pale mali ilipopotea kwa makusudi ya mfanyakazi, au makato yanayolingana na upungufu pale fedha zilipopungua kwa uzembe au udanganyifu wa yule ambaye mkataba wake unamkabidhi fedha. Anayepanga unga na sabuni kwenye shelfu hajakabidhiwa fedha na mtu.

Sasa wezi wenyewe. Wanaokuja madukani mara nyingi huja wawili au watatu na hujifanya hawajuani. Mmoja anakuchosha: nitolee ile ya juu, hapana ile nyingine, una nambari 40? Mwenzake yuko nyuma yako. Dawa yake haihitaji ugomvi. Mteja akiomba nguo tano, mpe mbili, akirudisha ndiyo umpe nyingine. Vitu vidogo vya bei vikae nyuma ya kaunta, si karibu na mlango. Na kila anayeingia msalimie huku unamtazama usoni: "Karibu dada, karibu kaka, nikusaidie nini?" Mteja mwema anafurahi. Mwizi anajua ameonekana, na wengi wao hutoka wenyewe.

Kwenye malipo ya simu, ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja si pesa, hata ukiwa na jina la duka na salio. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kuutengeneza. Pesa ni ile iliyoingia kwenye simu ya duka au kwenye lipa namba yenu, na wewe umeiona. Kama simu hiyo anakaa nayo bosi nyumbani kwake Tegeta na wewe uko Kariakoo, mwambie kila malipo utampigia kabla hujatoa mzigo. Mteja akikuharakisha, akisema ana mgonjwa hospitali, bodaboda inamsubiri nje, ndipo uzidi kutulia.

Ila jamani, tusianze kuwawinda watu kwa sura zao. Nimesoma ujumbe wa binti aliyeagizwa awafuate nyuma wanawake wote wanaovaa baibui na kila mwenye mtoto mgongoni. Hilo ni tusi kwa mama zetu, na halizuii wizi, kwa sababu huku unamfuata bibi wa watu, kijana aliyechomekea shati anaondoka na simu.

Na ukimwona mtu ameiba kweli? Hapa ndipo ninapoogopa zaidi kuliko kwenye mshahara.

Usimkimbize. Usimshike. Usisimame mlangoni kumzuia. Hujui ana nini mfukoni, na kisu hakiulizi kopo lilikuwa la bei gani. Mwite mlinzi kama yupo, mwite msimamizi, shika vizuri akilini alivyovaa na alikoelekea, angalia saa ili picha za kamera za muda uleule zitafutwe, kisha polisi wapewe taarifa.

Na usipige ukelele wa "mwizi!" barabarani. Wote tunajua kinachofuata neno hilo kwenye mitaa yetu. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba ni mvua imenyesha, lakini ni watu, na anayekufa ni mtu, na mara nyingine hata hakuiba. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kimekuwa kikiripoti vifo hivi mwaka baada ya mwaka. Sitaki mdogo wangu yeyote abebe kifo cha kijana wa miaka 17 moyoni kwa ajili ya jeans. Bosi akikulaumu kwamba hukupiga kelele, mwambie dada yako ndiye aliyekukataza.

Ukiumizwa na mwizi ukiwa kazini, nenda polisi uchukue fomu ya PF3, nenda hospitali, na siku hiyohiyo mjulishe mwajiri kwa maandishi. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na waajiri wa sekta binafsi wanatakiwa kuuchangia. Kuumia kazini hakukufanyi ombaomba wa bosi. Ni haki yenye ofisi na utaratibu.

Wadogo zangu mlioko Uingereza, wengi wenu mko kwenye tili za supamaketi na maduka ya mitaani, na kwenu hali imekuwa mbaya kuliko watu wa nyumbani wanavyodhani. Takwimu za taifa zinaonyesha polisi wa England na Wales waliandikisha wizi wa madukani zaidi ya 530,000 katika mwaka ulioishia Machi 2025, ongezeko la asilimia 20 kwa mwaka mmoja. Chama cha wenye maduka, British Retail Consortium, kilikadiria kwamba katika mwaka wa 2023/24 wafanyakazi walipigwa, kutishwa au kutukanwa zaidi ya mara 2,000 kwa siku. Kwa siku! Mnasukumwa, mnatemewa mate, na wengine mnarushiwa maneno ya rangi yenu juu yake. Na ukipiga simu nyumbani unaambiwa "wewe uko Ulaya, una shida gani?"

Shida mnayo, na ni ya kweli. Maduka makubwa mengi huko yanawakataza wafanyakazi kumkimbiza mwizi. Fuateni katazo hilo bila aibu. Kila tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio, hata tusi, kwa sababu lisiloandikwa huhesabiwa kwamba halikutokea. Wa Scotland, tangu 2021 mna sheria inayofanya kumshambulia, kumtishia au kumtukana mfanyakazi wa duka kuwa kosa linalojitegemea. Na mkikatwa kwa ajili ya shoti, sheria ya ajira ya 1996 inawalinda hasa nyinyi wa madukani: lazima mkataba uwe unaruhusu au wewe uwe umekubali kwa maandishi kabla, na makato hayazidi sehemu moja ya kumi ya ujira ghafi mnaolipwa siku ya malipo husika. Tahadhari moja tu, ukomo huo hauulindi mshahara wa mwisho unapoacha kazi. Usdaw ni chama cha wafanyakazi wa madukani huko. Jiungeni nacho kabla ya matatizo.

Kuna jambo jingine mnaloandika pembeni pembeni, katikati ya habari za pesa, na mimi huliona. Mnasema hamlali vizuri. Mnasema moyo unaenda mbio mlango ukifunguliwa ghafla. Mmoja aliandika kwamba amekuwa mkali kwa kila mteja na hata nyumbani kwa wanawe, na hajipendi alivyo. Mdogo wangu, hujaharibika. Mtu aliyefokewa, akatishwa, kisha jioni akapekuliwa mkoba na bosi wake kama yeye ndiye mwizi, lazima mwili wake ukae macho. Mweleze mtu mnayefanya naye kazi, maana yeye anajua hata usipomaliza sentensi. Ukiona wiki zinapita na hulali, nenda hospitali ukaseme hivyohivyo, "silali", kama unavyosema naumwa jino.

Na hilo la kupekuliwa: kama duka lina utaratibu huo, uwe wa wote akiwemo meneja, mwanamke apekuliwe na mwanamke, faraghani, mkoba na mifuko tu. Kuvuliwa nguo hapana. Anayekuambia uvue, toka hapo uende dawati la jinsia na watoto la polisi.

Wenye maduka, najua mnasoma, dada zenu na wake zenu hununua gazeti hili. Wizi unawaumiza, nakubali, na wengi wenu mnafanya biashara kwa mkopo. Lakini mfanyakazi unayemkata kwa kosa la mwizi anajifunza kitu kimoja tu, kwamba uaminifu wake hauna thamani dukani kwako. Wa kwanza kukuambia "bosi, jamaa wale wamerudi" alikuwa yeye. Ukishamkata mara mbili atanyamaza. Weka mtu wa pili saa za jioni duka linapojaa. Hamisha pafyumu kutoka mlangoni. Hesabu mali kila wiki badala ya kila mwezi, ujue kilipotea Jumanne au Jumamosi na nani alikuwa zamu. Hayo yanarudisha pesa nyingi kuliko robo ya mshahara wa binti wa watu.

Kwa mlioshakatwa huku Tanzania Bara, barua kwa bosi iwe fupi. Andika: "Tarehe fulani nimekatwa kiasi fulani kwa sababu ya upotevu wa mali. Naomba nipewe kwa maandishi chanzo cha upotevu, kiasi, jinsi hesabu ilivyopigwa, na kosa langu ni lipi. Sijakubali makato haya." Weka tarehe na jina lako. Toa nakala, barua ipelekwe mbele ya mwenzako mmoja, na nakala iliyopokelewa ibaki kwako pamoja na hati za mshahara na ujumbe wote wa WhatsApp wa bosi kuhusu shoti. Kama mko kadhaa mliokatwa pamoja, andikeni pamoja. Ni vigumu kufukuza kaunta nzima. TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na kwenye biashara, kinaweza kuwasimamia. Bosi asipojibu au akikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu namba moja. Huhitaji wakili kuanza. Kwa madai ya makato una siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukiwa umefukuzwa kazi kwa kuuliza, siku ni 30 tu, kwa hiyo wiki ileile uliyopewa barua ya kufukuzwa ndiyo wiki ya kwenda.