Somo la Leo: Tusome Picha ya Wino

Ndugu msomaji, umemaliza kisomo na sasa unasoma gazeti mwenyewe. Hongera. Lakini picha nayo husomwa. Leo tusome moja pamoja.

Picha hii ilitengenezwa mwaka 1636 na Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi. Alipaka nta juu ya bamba la shaba, akachora kwa sindano. Kisha alitia tindikali, ikala shaba pale penye mistari. Mistari ikajazwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake. Hakuna rangi za kupendeza. Ni wino na karatasi tu.

Habari yake ni ya mwana mpotevu, katika Injili ya Luka, sura ya 15. Kijana alidai urithi baba yake akiwa hai. Akaenda nchi ya mbali, akaponda mali yote. Njaa ilipombana, akarudi.

Kwanza, sema unachokiona. Usikimbilie maana. Kijana amepiga magoti kwenye ngazi za mlango. Amekonda, nguo zake ni matambara. Fimbo yake iko chini. Mzee ameinama, amemshika. Nyuma wanakuja watu na nguo na viatu. Mwanamke anafungua dirisha achungulie.

Pili, uliza kwa nini. Kwa nini fimbo iko chini? Safari imekwisha. Kwa nini mgongo wa mzee umepinda? Mzee wa heshima hungoja aamkiwe. Huyu ameinama mwenyewe. Kwa nini uso wa kijana hauna uzuri? Angepambwa, tungedhani anapokewa kwa uzuri wake. Anapokewa kwa sababu ni mtoto wa nyumba ile.

Tatu, tafuta asiyeonekana. Yuko wapi kaka yake mkubwa, aliyefanya kazi miaka yote? Kitabu kinasema alikasirika, akakataa kuingia. Mimi naona nafasi yake tumeachiwa sisi tunaotazama.

Nne, irudishe picha nyumbani. Hapa Suma habari hii si ngeni. Tangu kabla ya Uhuru, vijana wa Rungwe walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, huko Chunya. Wengine walifika kwenye migodi ya shaba ya nchi ambayo sasa ni Zambia, hata Afrika Kusini. Wako waliorudi na mali. Wako waliorudi mikono mitupu, tena usiku, wakiona haya kupita sokoni mchana. Hata leo wapo wanaorudi hivyo kutoka mjini.

Hebu tujiulize, ndugu. Akibisha hodi, tunamwinamia kwanza, au tunamwuliza kwanza ameleta nini?

MANENO
Bamba: kipande cha chuma kilichofanywa chembamba na bapa.
Tindikali: maji makali yanayokula chuma.

MASWALI
1. Fimbo iliyo chini inatuambia nini?
2. Ungekuwa kaka mkubwa, ungeingia ndani? Eleza sababu.
3. Chukua kalamu, uchore mtu anayepokewa nyumbani. Usiandike neno. Mwonyeshe jirani, naye aseme anasoma nini.