Simu Yako Ifanye Kazi ya Mtaa
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Huruma, Eldoret

Simu imeingia katika kila shughuli ya Huruma. Mama fua huitwa kazini kwa simu, mtu wa bodaboda hulipwa kwa simu, kodi ya nyumba hutumwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007 na ambayo leo hata wazee wetu wanaijua vizuri. Lakini mtaro ukiziba, au mfereji ukikauka wiki nzima, simu hizo hizo huishia kwenye lawama za gurupu la WhatsApp. Picha moja, maneno makali, kisha jambo lenyewe linazama chini ya salamu za asubuhi. Kijitabu hiki kinaeleza jinsi ya kulitoa lalamiko kwenye gurupu na kulifikisha kwa mtu ambaye sheria inamtaka ajibu.

Limeshafanyika, tena karibu na hapa

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, upande wa Nandi, rekodi za wagonjwa zilianza kuingizwa kwenye kompyuta. Mfumo huo ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakati ukimwi ukimaliza watu vijijini. Daktari asiyejua mgonjwa wake alipewa dawa gani mwezi uliopita anabahatisha tu, na mgonjwa maskini ndiye anayelipia. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2004 ilianzishwa OpenMRS, programu ya bure ya kutunza rekodi za wagonjwa, ambayo imetumika Rwanda, Uganda, Msumbiji, Haiti na kwingineko. Tunaitaja kwanza kwa sababu wengi hudhani teknolojia ya maana hutoka ng'ambo ikija kwetu. Hii ilitoka huku kwetu.

Mfano wa pili ni mchungu, na mkazi wa Eldoret hawezi kuukwepa. Tarehe 30 Desemba 2007, ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku mbili baadaye, kanisa la Kiambaa, lililojaa watu waliokimbilia usalama, lilichomwa moto. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Siku hizo simu zilisambaza jumbe za chuki zilizowachochea majirani dhidi ya majirani. Siku hizo hizo, Januari 2008, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi: mwananchi anatuma ujumbe, na habari inawekwa kwenye ramani mahali ilipotokea. Mwaka 2010 jukwaa hilo lilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Kibera nayo, hadi mwaka 2009, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani zilizo wazi kwa umma. Vijana wa huko walifundishwa kutumia vifaa vya GPS, wakapita vichochoro wakiandika palipo na maji, vyoo, shule na zahanati, kisha wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Huruma inaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu za kawaida za vijana wake. Ofisi inayopanga mitaro kwa kutazama ramani haiwezi kupangia kichochoro ambacho hakimo.

Andika habari inayoshikika

“Mtaro umeziba tena, viongozi wetu wako wapi?” Maneno haya ni ya kweli, lakini hayampi afisa kitu cha kushika. Tazama ujumbe huu wa mfano:

“Jumanne 4 Machi 2025, saa 1 asubuhi. Mtaro ulio kati ya duka la kona na lango la shule umeziba kwa taka tangu Alhamisi. Maji machafu yameingia nyumba 6. Tulimwambia mzee wa mtaa Ijumaa.”

Ujumbe huo unatosha kwenye SMS moja au mbili na hauhitaji bando. Una siku, mahali, hesabu, na jina la cheo cha mtu aliyekwisha kuambiwa. Jumbe kama huo zikiwa ishirini, kutoka kwa watu tofauti, huo si umbea tena.

Ukipiga picha, piga ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha alama ya mahali: nguzo, lango, rangi ya jengo. Usiifute ile ya asili. Picha ikipitia WhatsApp kwa kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani yake, na siku ya kuulizwa utabaki huna la kuonyesha.

Wenye simu za kabambe wasiachwe nje. Kila ploti ichague mtu mmoja wa kupokea SMS na kuziandika kwenye daftari, kwa tarehe. Kwa maoni yetu daftari hilo lina thamani zaidi kuliko programu yoyote mtakayoletewa na mfadhili, kwa sababu halizimiki mradi ukiisha. Mkazi asiyeona au asiyejua kuandika aseme, mwenye daftari aandike, kisha amsomee alichoandika.

Na kuna jambo ambalo halifai kupita kwenye simu ya nyumbani hata kidogo. Mwanamke anayechangia simu na mume anayempiga hawezi kuripoti kipigo kwa simu hiyo. Jirani ampe yake. Nambari 1195 hupokea habari za ukatili wa kijinsia na 116 hupokea za watoto, zote bila malipo.

Picha isiyopaswa kusambazwa

Wanaookota plastiki na vyuma kwenye jaa la taka wamepigwa picha mara nyingi bila kuulizwa. Picha inazunguka na watu wanahuzunika, lakini mwenye sura hafaidiki. Kesho yake anachekwa stendi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Mtoto wa mtaani naye ni mtoto. Ukitaka kuonyesha moshi wa jaa, piga moshi. Ukitaka kuonyesha kazi, omba ruhusa, na mwenyewe aseme anataka picha hiyo ifanye nini. Akisema mikono tu, piga mikono.

Uvumi nao tuuchukulie kwa uzito, hasa huku kwetu tunakoishi makabila mengi kwenye ploti moja. Baada ya mapigano ya Tana Delta ya 2012 na 2013, mradi wa Una Hakika uliwapa wakazi mahali pa kutuma uvumi kwa SMS, watu wakaufuatilia, kisha wakawarudishia jibu. Huruma inaweza kuwa na watu wachache wanaoaminika na pande zote kwa kazi hiyo. Ujumbe ukisema kabila fulani limejipanga usiku, mpelekee mmoja wao kwanza. Usiutume mbele hata kwa nia ya kuonya.

Barua ambayo ofisi lazima ijibu

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kuwasilisha ni bure, na utalipia tu gharama ya nakala. Asiyejua kuandika aende aseme kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia na kumpa nakala. Hulazimiki kueleza sababu. Mfano:

“Mimi ni raia na mkazi wa Wadi ya Huruma. Naomba nakala ya mpango na bajeti ya kuzibua mitaro katika wadi hii kwa mwaka huu wa fedha, jina la mkandarasi, na kiasi alicholipwa hadi sasa.”

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi kubwa linaweza kuongezewa muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Ukilipeleka ombi kwa ofisi isiyohusika, afisa anaweza kulihamishia kwa inayohusika ndani ya siku 5.

Angalieni kalenda pia. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Daftari likipelekwa Juni, hesabu zimeshapangwa bila ninyi. Lipelekeni Julai au mapema Agosti, kwa mwakilishi wa wadi na kwa ofisi ya kaunti inayohusika, na mgongewe muhuri kwenye nakala mnayobaki nayo.

Mkinyimwa taarifa, mna siku 30 tangu kupewa uamuzi kuiomba Tume ya Haki za Utawala iupitie upya. Ambatisheni nakala yenye muhuri, jibu mlilopewa, na kurasa za daftari zinazohusu jambo hilo.