Kona ya Yaya: Tabia ya gari na ugonjwa wa gari

Mdogo wangu mmoja wa Kamanyola ameniandikia kwa uchungu. Amenunua Altezza, ile RS200 ya gia sita, imepitia bandari ya Dar es Salaam hadi ikafika Bukavu. Alihifadhi pesa kwa miaka minne. Sasa ana miezi mitatu nayo, na barua yake imejaa malalamiko: redio haishiki vituo, mgongo unauma, mshale wa joto unapanda, freni zinanuka, usiku watu wanamtukana barabarani. Mwisho ananiuliza: "Yaya, niiuze?"

Usiiuze bado, mdogo wangu. Tukae kwanza tuyachambue hayo malalamiko.

Gari la mbio lililokwisha tumika lina mambo ya namna mbili. Kuna tabia, ambayo limezaliwa nayo, na kuna ugonjwa, ambao limeupata njiani. Nimeona vijana wengi wakimaliza pesa kutibu tabia, huku ugonjwa wakiuzoea mpaka siku unapowalaza porini. Wewe pia umeanza hivyo. Umeshanunua redio mpya, na joto bado linapanda.

Redio ya kwanza haikuwa mbovu. FM ya Wajapani ya miaka ile huanzia 76 na kuishia 90, na Radio Okapi iko juu ya hapo. Kuna kifaa kidogo cha kuunganisha kwenye waya wa antena kinachoshusha mawimbi, kingekutosha. Ugumu wa springi unaokuumiza mgongo nao ni tabia, gari lile lilitengenezwa likae chini na lishike kona. Lakini chungulia chini uangalie kama springi zimekatwa. Kama aliyekutangulia alizikata kwa msumeno ili gari lipendeze, rudisha za kiwandani, na ufunge sahani ya chuma chini ya injini. Jiwe moja la mlima wa Ngomo linatosha kupasua bakuli la oili.

Kuhusu matusi ya usiku, wanaokutukana wana haki. Altezza yako ya volani ya kulia imetoka nchi wanakopita kushoto, kwa hiyo taa zake za chini huinua mwanga upande wa kushoto, kumulika ukingo wa njia yao. Sisi Kongo tunapita kulia. Kushoto kwako ndiko anakotoka mwenzako, na unampiga mwanga machoni. Egesha usiku mbele ya ukuta, washa taa za chini, utaona mstari wa mwanga unavyopanda ngazi upande wa kushoto. Tafuta taa za volani ya kushoto, zipo kwa sababu gari hilihili liliuzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS200. Kabla hujazipata, punguza safari za usiku. Na ukitaka kupita lori, kumbuka umekaa upande usioona. Kama huna mtu wa kushoto wa kukuangalilia, baki nyuma yake.

Sasa joto. Hapa nataka unisikilize sana.

Umesema ukipanda Ngomo mshale unapanda, ukifika Nyangezi unatulia, na fundi amekwambia ndiyo kawaida ya gari la mbio. Si kawaida. Mshale wa Toyota umetengenezwa kutulia katikati hata joto likibadilika kidogo. Ukiuona umesogea, joto limekwisha kuzidi. Unatoka Kamanyola, chini kwenye joto la bonde la Ruzizi, unapanda mamia ya mita kwa gia ndogo, mwendo hafifu, upepo hauingii kwenye radiateri. Hapo ndipo ugonjwa uliojificha hujitokeza.

Anza na kitu cha bei ndogo, kifuniko cha radiateri. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo ndani, maji yakapita nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukikauka, shinikizo linatoroka, na maji yanachemka mapema kama ya chai. Kinunue kipya, chenye namba ileile ya kiwandani. Na usikifungue injini ikiwa na moto, hata ukiwa na haraka namna gani.

Kisha umeniambia unajaza maji ya Ruzizi kwa kidumu. Acha leo. Mto ule unatoka ziwa Kivu, na maji ya Kivu yana madini mengi. Yakipashwa moto kila siku yanaacha ukoko mweupe kwenye vijia vya radiateri, kama ule wa ndani ya birika. Radiateri isafishwe, kisha itiwe maji ya radiateri yanayouzwa dukani, yenye dawa ya kuzuia kutu.

Uliza pia kama termostati ipo. Mimi nilipeleka gari langu garaji moja kwa sababu ya joto, likarudi "limepona". Baada ya wiki kadhaa nikashangaa esansi inaisha upesi. Fundi mwingine alipofungua, alikuta nyumba ya termostati tupu. Walikuwa wameitoa bila kuniambia. Injini isiyopata joto lake hudhani ni asubuhi siku nzima, inaomba esansi zaidi, na inalika ndani. Termostati irudishwe.

Yote hayo yakishafanyika na joto bado linapanda, injini ikiwa baridi fungua kifuniko, iwashe, utazame maji. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Usipande nayo Ngomo tena.

Kushuka nako kuna lake. Ile harufu unayoisikia ukifika chini ni freni zilizoungua. Shuka kwa gia uliyopandia, injini ikuzuie, freni uzikanyage kwa vipindi. Mafuta ya freni nayo hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155 tu. Yakichemka, pedali inazama kama unakanyaga sifongo, na kona ya Ngomo iko mbele yako. Badilisha kila miaka miwili. Na kama gurudumu moja lina moto kuliko mengine, huenda pini za kaliperi zimekwama. Altezza inajulikana kwa hilo. Zisafishwe, zipakwe grisi ya freni.

Ukiwa bado kwenye magurudumu, piga kriki uinue gurudumu la mbele, ingiza mtaimbo chini yake, unyanyue taratibu. Ukisikia "tok", kile kifundo cha chini kinachoshika gurudumu kimelika. Kikichomoka, gurudumu linalala. Hicho usikisubirishe hata wiki moja.

Altezza zilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Hata ile ya mwisho kabisa, mpira wowote wa kiwandani uliobaki ndani yake ni mzee. Kwa hiyo mkanda wa taimingi, kama muuzaji hana karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kwenye injini yako ya 3S-GE ukikatika, pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha. Ubadilishe pamoja na pampu ya maji. Matairi nayo soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na tairi hilo ni zee hata kama meno bado ni marefu.

Esansi ya kadhafi, ya chupa za kando ya njia, usiiwekee gari hili. Injini yako inabana hewa mara 11.5 na iliundiwa esansi bora. Ukisikia mlimani inalia kama changarawe kwenye mkebe, punguza mguu, shusha gia, na utafute kituo kinachoaminika.

Jioni hii, mdogo wangu, ingia garini, zungusha ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Kama haiwaki kabisa, huenda kuna mtu aliing'oa ili usione alichokuwa anakuuzia. Niandikie uliyoyaona, halafu tuzungumze habari ya kuuza.