Fahamu Sheria: Nani Huamua Kesi ya Ubakaji Iendelee?

Tuseme nyota wa timu ya chuo ameshukiwa kumbaka mwanafunzi mwenzake. Kocha anaomba mambo yamalizwe nyumbani, nazo familia mbili zinakubaliana fidia. Je, kesi imeisha? La.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010, mwenye uamuzi wa kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Haamrishwi na mtu wala ofisi yoyote. Anatakiwa kuzingatia maslahi ya umma, utekelezaji wa haki, na kuzuia sheria isitumiwe vibaya. Sifa za mshukiwa uwanjani hazimo. Kesi ikishafika mahakamani, hawezi kuiondoa bila idhini ya mahakama.

Uamuzi huo hutegemea ushahidi. Kwa hivyo, mwathiriwa:

1. Aende hospitalini mara moja, kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita.
2. Ahifadhi nguo alizovaa katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki.
3. Apige ripoti kwa polisi, apewe nambari ya OB na fomu ya P3.
4. Asikate tamaa kwa kukosa shahidi mwingine. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa pekee, ikiridhika kuwa anasema kweli.

Kwa usaidizi, piga simu 1195 bila malipo.