SOMO: GARI LILILOTUMIKA NA FEDHA ZA WANACHAMA

Shabaha ya somo: Kuwawezesha makatibu na wanachama kulipima gari lililokwisha tumika kabla chama hakijalinunua, na kujua gharama ya kulimiliki.

1. Kwa nini somo hili

Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa katika Kata ya Iyula, Wilaya ya Mbozi, kina haja ya kweli ya usafiri. Vituo vya kupokelea kahawa vimetawanyika, na mvua zianzapo mwezi Novemba njia za udongo mwekundu huwa utelezi mtupu. Basi si ajabu bodi kuleta mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo la kununua gari la magurudumu manne, yaani Land Cruiser, Prado, Land Rover au Nissan Patrol. Gari jipya bei yake haishikiki, kwa hiyo hutafutwa lililotumika.

Swali ambalo huulizwa mkutanoni ni moja: "Linauzwa kiasi gani?" Swali hilo halitoshi. Bei hulipwa mara moja, lakini gari hudai kila siku, nalo hulipwa kutokana na makato ya kila kilo ya kahawa ya mwanachama.

2. Magonjwa ya kawaida

(a) Joto la injini. Nyanda za Mbozi ziko juu, na mahali penye kimo cha meta 1,500 maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta huyaweka maji chini ya shinikizo ili yasichemke mapema. Mfuniko uliolegea au rejeta iliyoziba huleta joto kali, na joto hilo hupasua silinda hedi. Injini ya 1KZ-TE, iliyotiwa katika Prado nyingi za miaka ya 1990, inajulikana kwa udhaifu huo. Dalili ni maji kupungua bila kuonekana yanakovuja, mapovu ndani ya rejeta, moshi mweupe usiokwisha, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Injini ikaguliwe asubuhi ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla wakaguzi hawajafika yafaa aombwe siku nyingine.

(b) Mkanda wa taimingi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ya lita 4.2 na silinda sita, inasifiwa kwa uvumilivu wake. Hata hivyo ina mkanda ambao, kwa desturi ya mafundi wengi, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikizunguka, vali hugongana na pistoni. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo zilinganishwe na uchakavu wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Pasipo hati ya kuthibitisha, mkanda ubadilishwe mara gari linunuliwapo.

(c) Pampu na nozeli za dizeli. Moshi mweusi mzito na injini isiyowaka upesi huashiria nozeli au pampu iliyochoka. Dizeli inayonunuliwa kwa madumu mara nyingi huwa na maji, nayo huharibu pampu. Chujio la dizeli limwagwe maji yake mara kwa mara.

(d) Magurudumu manne. Katika magari mengi ya aina hii, dereva atiapo gia ya magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Katika tope hakuna madhara, maana tairi huteleza kidogo. Katika lami kavu, kama barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma, tairi haziwezi kuteleza. Kila kona nguvu hubaki ndani ya gia na kuzila. Gari lililoendeshwa hivyo hutoa sauti ya kusaga. Hali kadhalika, oili ya difu yenye weupe ni ushahidi wa kuingia maji, na grisi inayovuja nyuma ya magurudumu ya mbele huonyesha sili zilizokufa. Usukani ukitetemeka, beringi zake zichunguzwe.

(e) Chesisi. Magari mengine kutoka Japani yalitumika katika mikoa ya theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi. Land Rover ya aina ya Defender ina bodi ya aluminiamu isiyoota kutu, lakini chesisi yake ni ya chuma, na bodi nzuri yaweza kuficha chesisi iliyooza. Mtu aingie chini ya gari na kugonga kwa nyundo ndogo. Rangi mpya chini ya gari itiliwe shaka.

3. Hesabu ya kumiliki

Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila chama kiweke bei za mahali pake. Gari limenunuliwa kwa Sh. 30,000,000, litatumika miaka mitano na kuuzwa kwa Sh. 15,000,000. Kwa mwaka litakwenda kilomita 12,000, likitumia lita moja kwa kilomita nane.

Uchakavu: Sh. 3,000,000
Dizeli, lita 1,500 kwa Sh. 3,000: Sh. 4,500,000
Tairi: Sh. 1,000,000
Oili na machujio: Sh. 750,000
Bima kubwa: Sh. 1,200,000
Spea na fundi: Sh. 2,000,000
Mshahara wa dereva: Sh. 3,600,000
Akiba ya matengenezo makubwa: Sh. 1,950,000
Jumla: Sh. 18,000,000

Hii ni Sh. 1,500 kwa kila kilomita. Kwa miaka mitano ni Sh. 90,000,000, yaani mara tatu ya bei ya kununulia. Chama kikikusanya kilo 120,000, kila kilo hubeba Sh. 150.

Lakini mkahawa hauzai sawasawa kila mwaka. Mavuno yakishuka hadi kilo 60,000, na gari likatembea nusu tu, uchakavu, bima na mshahara havipungui: ni Sh. 7,800,000. Ukiongeza nusu ya gharama nyingine, Sh. 5,100,000, jumla ni Sh. 12,900,000, na kila kilo itabeba Sh. 215. Mwaka wa njaa ndio mwaka ambao gari hula zaidi kwa mwanachama.

Ikiwa kukodi gari pamoja na dizeli na dereva ni Sh. 200,000 kwa siku, Sh. 18,000,000 hutosha siku 90. Chama chenye kazi ya siku 60 za msimu kitalipa Sh. 12,000,000 na kubakiza Sh. 6,000,000. Chama chenye kazi ya siku 150 kina hoja ya kununua.

4. Wajibu wa chama

Ununuzi uwemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Kama ni kwa mkopo, usivuke ukomo wa madeni uliokubaliwa na Mrajis kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Fundi anayelikagua gari asiwe mtu wa muuzaji, na taarifa yake iandikwe. Kadi ya gari ibadilishwe iwe kwa jina la chama, si la mwenyekiti wala katibu. Daftari la safari lionyeshe tarehe, mahali, kilomita, lita na sahihi. Gari lisilo na daftari huwa la mwenye ufunguo.

5. Maswali ya kujadili

(i) Chama chenu kilihitaji gari kwa siku ngapi msimu uliopita?
(ii) Tumieni bei za kwenu kufanya upya hesabu ya sehemu ya tatu. Kila kilo itabeba shilingi ngapi katika mwaka wa mavuno haba?
(iii) Je, vyama viwili au vitatu vya jirani vyaweza kumiliki gari moja? Andikeni masharti ya matumizi yake.
(iv) Ni nani atakayeshika ufunguo, na nani atakayekagua daftari la safari?